Gari Limeshuka, Theluji Imepanda

“Nina Honda Civic, kiangazi niliishusha kwa springi fupi ikapendeza kweli. Hii ndiyo baridi yangu ya kwanza Minneapolis na tairi za theluji nimeshanunua. Zinatosha?”

Kwa tairi umefanya la maana. Mpira wa tairi za kawaida huanza kukakamaa joto likienda chini ya nyuzi 7 hivi, na huko uliko litashuka chini ya sifuri na kukaa huko. Hakikisha tu ubavuni pana alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani. Lakini hazitoshi, maana tatizo lako liko mvunguni.

Chukua tepu, pima kutoka chini hadi mahali palipoinama kuliko pote kwenye tumbo la gari. Sedani ndogo nyingi hutoka kiwandani na sentimita 13 hadi 15. Ukishusha 4, umebaki na 9 hadi 11, na huo ndio mpaka wako. Theluji ikizidi hapo, bampa inaisukuma, inayobaki inaingia mvunguni, inashindiliwa, mwishowe inalinyanyua gari. Unakuwa kama mtumbwi uliokalia fungu la mchanga maji yakishakupwa. Tairi za bei yoyote zitazunguka bure, kwa sababu uzito wa gari haupo juu yake tena.

Usidhani greda likishapita umepona. Linaacha tuta mdomoni mwa njia yenu, na likilala usiku mmoja linakuwa jiwe. Ukilivamia, bampa unaiacha pale pale. Litoe kwa beleshi kwanza. Na jiji likitangaza dharura ya theluji, soma ni wapi hakuegeshwi siku hiyo, maana kunabadilika siku kwa siku. Ukikosea, gari litavutwa na utalilipia.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: rudisha springi za kiwandani, kama hukuzitupa. Wenye koilova, yaani springi za kurekebishwa urefu, kazi yenu ni nyepesi, zinapandishwa kwa kuzungushwa, ila mwambie fundi apake grisi kwenye nyuzi zake. Chumvi inayomwagwa barabarani huzifunga kwa kutu. Nyote, gari likishapanda lipimwe alaimenti, maana mkao wa tairi umebadilika. Wala msingoje Desemba. Mwaka 1991 dhoruba ilianza Oktoba 31, ikaacha Minneapolis na zaidi ya sentimita 70 za theluji.

Ukikwama, usikanyage mafuta kwa hasira. Tairi ikizunguka papo hapo inayeyusha theluji, na maji yale yanaganda kuwa barafu chini yake. Anza na ekzosi: ifukue kabla ya kitu kingine. Ikizibwa, kaboni monoksaidi inaweza kuingia ndani ulimokaa, na haina harufu ya kukuonya. Kisha fukua mvungu wenyewe, si mbele ya tairi tu. Mwaga mchanga, ondoka polepole. Na kila unapotaka kutoka, gonga barafu iliyoganda ndani ya madigadi. Kwenye gari la chini nafasi ile ni finyu, tairi itasugua na kona itakushinda.

Najua utasema likipanda linapoteza sura. Sura ipi, mdogo wangu? Januari magari yote ya huko yamepakwa chumvi na tope, hakuna wa kukutazama. Mbwembwe zako zisubiri Juni.

Na siku theluji ikipita kipimo chako, funguo ziache mezani, mpigie bosi mapema, panda basi. Wiki ijayo niandikie mvungu wako una sentimita ngapi. Asiyeijua namba yake asiniulize habari za kuendesha.