Somo: Juu ya Kupeana Njia, na Hasira za Barabarani

Ndugu wasomaji, nanyi waalimu wa makutaniko, mwezi huu tumechagua kufundishana habari ambayo watu wengi huidhania kuwa ndogo, nayo ni habari ya wale tunaokutana nao njiani. Kila siku husikika manung'uniko: huyu amenikata mbele ghafula, yule amenimulika taa mpaka nikapofuka, mwingine amesimamisha gari katikati ya njia azungumze na rafiki yake. Mtu hutoka nyumbani kwake mpole, akafika mjini Shinyanga au Kahama akiwa amekwisha kutukana watu watatu asiowajua hata majina.

Shida hii haikuanza na motokaa. Katika karne ya 19, Wasukuma na Wanyamwezi walipokuwa wakichukua mizigo kwenda pwani na kurudi, walifuatana mmoja nyuma ya mwingine katika njia nyembamba ya miguu. Mbele yao alikwenda kirongozi, wala haikuwa ruhusa mtu ye yote kumtangulia. Aliyemtangulia alitozwa faini. Basi ni dhahiri kwamba hata wakati ule walikuwako wenye haraka, maana hapawekwi faini kwa kosa lisilotendwa. Tofauti ni kwamba wale walipogombana waligombana kwa maneno na fimbo, bali sisi twagombana tukiwa ndani ya chuma kizito kinachokwenda mbio.

Tazameni njia zetu zilivyo. Tinde ni njia panda. Magari yatokayo Singida na Nzega hugawanyika pale. Mengine hushika njia ya Shinyanga na Mwanza, mengine hushika njia ya Isaka na Kahama kwenda Rwanda na Burundi. Hivyo malori marefu yenye shehena za nchi za mbali hutumia lami ile ile anayoitumia mama aendaye sokoni na kikapu cha nyanya. Tena kuna mabasi, na magari ya kwenda migodini, na bodaboda, na bajaji, na baiskeli za kuchukua abiria ambazo mjini Shinyanga watu huziita daladala, na mikokoteni ya ng'ombe yenye mpunga, na ng'ombe wenyewe, ambao hawajapata kusomewa sheria yo yote. Kila mmoja ana mwendo wake. Hapo ndipo hasira huzaliwa: aendaye upesi humwona aendaye polepole kuwa adui, na aendaye polepole humwona yule mwingine kuwa mwuaji.

Sasa na tufanye hesabu kidogo, maana hasira nyingi za njiani hutokana na kutojua hesabu. Dereva yuko nyuma ya lori liendalo kilomita 60 kwa saa, naye ataka kulipita kwa mwendo wa kilomita 80. Lori lina urefu wa mita 20 hivi. Ukijumlisha nafasi ya nyuma, na lori lenyewe, na gari lake, na nafasi ya kurudi upande wa kushoto kwa salama, yapata mita 65. Lakini yeye hulizidi lori kwa kilomita 20 tu kwa saa, yaani mita tano na nusu kila sekunde. Basi atakaa upande usio wake karibu sekunde 12. Katika sekunde hizo gari lake litakuwa limekwenda mita 260. Na gari litokalo mbele kwa mwendo ule ule, nalo limekwenda mita 260. Kwa hiyo yampasa aione njia tupu zaidi ya nusu kilomita kabla hajatoka. Ni madereva wangapi walioipima nusu kilomita kwa macho? Na mwenye kilima mbele yake ataipimaje?

Na faida yake ni nini? Kutoka Shinyanga mpaka Mwanza ni yapata kilomita 160. Aendaye kilomita 80 kwa saa, asipozuiwa, atatumia saa mbili. Akienda kilomita 100 njia nzima atapata dakika 24 tu, nazo mara nyingi hupotea zote penye foleni ya kuingia mjini.

Tena kuna desturi ya ishara, ambayo ni njema na ya hatari pamoja. Dereva wa lori akiwasha taa ya kulia humwambia aliye nyuma, Usipite, mbele kuna gari. Akiwasha ya kushoto humwambia, Pita. Wengi wameokolewa na wema huo. Lakini taa ya kulia ndiyo ile ile ya mtu anayetaka kukata kona kwenda kulia, na ya kushoto ndiyo ya mtu anayetaka kuegesha. Mmoja asema jambo moja, mwenzake asikia jambo lingine, na hapana nafasi ya kuulizana. Anayepita kwa sababu ya taa ya mwenzake amekwenda kwa macho ya kuazima, wala mwenye macho hayo hatabeba hasara yake. Ni kama habari ya matawi ya miti ambayo dereva aliyeharibikiwa huyatandaza njiani kuwaonya wengine. Akisha kutengeneza gari lake huenda zake, akayaacha matawi, na pengine mawe pia. Onyo likageuka kuwa mtego.

Juu ya taa kubwa za usiku sina budi kusema kwa ukali kidogo. Mtu humulikwa, naye kwa kulipiza huwasha zake kubwa. Sasa ni vipofu wawili wanaokaribiana. Jicho lililomulikwa huhitaji sekunde kadhaa kupata nguvu zake tena, na gari liendalo kilomita 80 hupita mita 22 kila sekunde. Katika mita hizo huenda yumo mwenye baiskeli isiyo na taa, au mkokoteni, au trekta. Mwezi wa Agosti mwaka 2022, huko Mwakata katika wilaya ya Kahama, magari pamoja na trekta yaligongana usiku, wakafa watu zaidi ya 15. Wenye trekta na mikokoteni na wasome habari hiyo polepole. Kibati cha kuakisi mwanga ni kitu cha bei ndogo.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kilomita 50 kwa saa kuwa mwisho wa mwendo penye makazi ya watu. Na mabasi na malori makubwa hayana ruhusa kupita kilomita 80. Lakini askari hawezi kusimama kila penye mti, na madereva huonyana kwa taa kwamba askari yuko mbele. (Ni ajabu jinsi watu wasiopeana njia wanavyosaidiana kwa jambo hilo!)

Lakini tusiwalaumu madereva peke yao. Abiria wa basi humsifu dereva mkimbizi, na yule mtulivu humwita mzembe. Na vijana wa bodaboda, ambao kila mtu huwalalamikia, mara nyingi pikipiki si zao. Kila jioni yampasa kijana kumpelekea mwenye pikipiki hesabu yake, biashara iwe imekuwa nzuri au mbaya. Mvua ikinyesha mchana kutwa, hesabu haipungui. Ndipo kijana hupakia mshikaki, yaani abiria wawili au watatu pamoja. Ndipo huyapenya magari na kupita upande usio wake, kwa kuwa kila safari ina bei na siku ina mwisho. Na wenye pikipiki ni akina nani? Wengine ni watumishi wenye mishahara, wengine wafanya biashara, na wengine, tuseme kweli, ni wazee wa kanisa tuketio nao katika vikao. Mtu aweza kumkemea kijana asubuhi kwa kukimbia, na jioni kumkemea kwa kuleta fedha pungufu. Nasema ya kwamba mwenye pikipiki amtozaye kijana hesabu isiyopatikana kwa mwendo wa haki ana fungu lake katika kila jeraha. Na apunguze hesabu siku za mvua, na anunue kofia ngumu mbili, ya dereva na ya abiria, kabla hajatoa pikipiki yake.

Wengi wanakumbuka kivuko cha kati ya Kigongo na Busisi, katika njia ya Mwanza na Geita, jinsi magari yalivyopanga foleni kungoja, na ugomvi uliotokea mtu alipojipenyeza mbele. Mwezi wa Juni mwaka 2025 likafunguliwa daraja lenye urefu wa yapata kilomita 3, na kungoja kule kukaisha. Lakini dereva asiyeweza kungoja penye kivuko hakubadilika kwa kupewa daraja. Subira aliyoikosa majini ataikosa vile vile penye lami.

Waalimu watakaolifundisha somo hili wasilisome tu. Wachukue kamba ya mita 10 na vijana wao, waende uwanjani, mbali na njia, wapime mita 28. Huo ndio urefu ambao gari dogo liendalo kilomita 50 kwa saa huhitaji lipate kusimama, lami ikiwa kavu na breki zikiwa njema na dereva akiwa macho. Kisha wapime mita 57, ambazo ni za kilomita 80. Waweke mtoto mmoja penye mwanzo na mwingine penye mwisho, na kila kijana mwenye pikipiki asimame mahali pa kwanza, atazame mpaka mahali pa pili, aseme ni sauti gani angeweza kupaza hata mtoto yule amsikie na kuondoka kwa wakati. Baadaye waitwe wenye pikipiki, nao wasimame pale pale.