Buibui wa Darini

Mji wa Babati umekaa kando ya ziwa lenye jina lilo hilo, mahali zikutanapo njia za Arusha, Dodoma na Singida. Tangu mwaka 2002 ndio makao makuu ya Mkoa wa Manyara. Jioni, jua likisha kuzama, wadudu wengi warukao hutoka majanini na kuzifuata taa za watu. Na wadudu wakija, wale wenye kuwala huja nyuma yao. Mmoja wao ni buibui. Somo letu la leo lahusu buibui wafanyao makao juu ya vichwa vyetu, katika nafasi iliyo kati ya dari na mabati.

Natufikiri nyumba moja ya mji huo. Baada ya mavuno, baba amepandisha darini magunia ya mahindi na mbaazi, yapate kuwa mbali na unyevu. Miezi mitatu yapita. Siku moja mama amwambia mwanawe wa darasa la sita, "Mwanangu, panda darini utuletee mbaazi za kupika."

Mtoto apanda ngazi, apeleka mkono gizani kushika gunia, mara ahisi nyuzi ngumu vidoleni. Atazama vema, amwona buibui wa rangi ya kahawia akining'inia tumbo juu. Ashuka mbio huku akipiga kelele, "Mama! Kuna buibui wa sumu!"

Watu wa nyumbani washauriana. Kaka mkubwa asema, "Nitafunga majani makavu penye fimbo, niyawashe, nimchome pamoja na utando wake." Baba mdogo asema, "La, tununue dawa ya kuua wadudu, tuinyunyize darini kote." Bibi, aliyekuwa amekaa kimya karibu na jiko, auliza, "Wanangu, moto ukishika mbao kavu, nani atauzima? Na dawa ikianguka juu ya mbaazi, nani atazila?" Wote wanyamaza.

Bibi alisema kweli. Woga usio na maarifa huweza kuleta hasara kubwa kuliko buibui mwenyewe. Basi kwanza tumjue, ndipo tutakapojua namna ya kumwondoa.

1. Buibui ni mnyama gani

Watu wengi humwita mdudu, lakini hafanani kabisa na nzi au siafu. Hao wana miguu sita, na mwili wao una sehemu tatu. Buibui ana miguu minane, na mwili wake una sehemu mbili tu. Yeye ni jamaa ya ng'e na kupe. Mwaka 2022 hesabu ya aina za buibui zilizoandikwa na wataalamu wa dunia ilipita 50,000.

Karibu buibui wote wana sumu, maana ndiyo wanayoulia windo lao. Lakini walio wengi hawawezi kumdhuru mtu, kwa kuwa meno yao ni mafupi, au sumu yao ni dhaifu. Tena wengi hutufaa sana. Kando ya Ziwa Viktoria, katika nchi za Kenya na Uganda, yuko buibui mdogo arukaye, akaaye penye kuta za nyumba. Mwaka 2005 wataalamu waliofanya kazi Mbita, Kenya, walieleza ya kuwa buibui huyo hupenda kuwinda mbu jike aliyekwisha kunywa damu, kuliko mawindo mengine. Basi mtu auaye kila buibui amwonaye, huenda akawa anamwua mlinzi wake.

2. Yule wa kujihadhari naye

Buibui aliyeonwa na mtoto wetu ni wa namna nyingine. Jina lake la kitaalamu ni Latrodectus geometricus, nasi tutamwita buibui wa kahawia. Hupatikana sehemu nyingi za Afrika, na hupenda sana kukaa katika majengo. Mjue kwa alama hizi:

Tumbo lake ni la mviringo, kadiri ya punje ya mbaazi au kupita kidogo. Rangi yake ni kahawia au kijivu, na miguu yake ina mabaka meusi. Chini ya tumbo ana alama ya rangi ya chungwa au nyekundu. Utando wake hauna mpango mzuri kama wa buibui wa bustanini, bali ni nyuzi zilizotatizana, tena ngumu. Mfuko wa mayai yake ni wa mviringo nao una vijimiiba pande zote, mfano wa tunda la mbarika. Ndani ya mfuko mmoja mara nyingi mna mayai zaidi ya 100.

Sumu ya jike ni kali, lakini tabia yake si ya ukali. Hamfuati mtu wala hamrukii. Akiguswa, mara nyingi hujikunja na kuanguka kama aliyekufa. Huuma hasa akibanwa: mtu akitia mguu katika kiatu kilichokaa siku nyingi, au akishika gunia bila kutazama. Basi hatari haiko katika kuwapo kwake tu, bali katika mkono usiotanguliwa na jicho.

3. Namna ya kumwondoa darini

Buibui hukaa mahali kwa sababu mbili: apate chakula na apate maficho. Ukimwondolea hayo mawili, umemfukuza.

Kwanza, punguza chakula chake. Zima taa za nje zisizo na kazi, kwa maana ndizo ziwaitazo wadudu. Tena taa yenye mwanga wa manjano huwavuta wachache kuliko yenye mwanga mweupe.

Pili, ondoa maficho. Makasha matupu, magunia mabovu na nguo kuukuu zisiachwe darini. Magunia ya nafaka yawekwe juu ya chaga, mbali na ukuta, ili ufagio upite nyuma yake. Kuni na matofali yasiegemezwe ukutani mwa nyumba.

Tatu, fagia. Kazi hii ni ya mtu mzima, wakati wa mchana, akiwa na kurunzi. Na avae viatu, nguo ya mikono mirefu na glavu nene, tena ajifunge kitambaa puani kwa sababu ya vumbi. Kwa ufagio mrefu aondoe tandabui zote, na mifuko ya mayai aitie katika ndoo ya maji ya sabuni. Asisahau mifuko hiyo, kwani amwuaye mama na kuyaacha mayai hakumaliza kazi. Baada ya majuma matatu afagie tena.

Nne, ziba matundu kati ya ukuta na mabati kwa udongo au saruji. Penye tundu la kupitisha hewa, weka wavu wenye macho madogo.

Na dawa je? Buibui hukaa juu ya nyuzi zake, naye hukanyaga kwa ncha za miguu tu. Kwa hiyo dawa iliyonyunyizwa ukutani mara nyingi haimpati. Lakini chakula chetu yakipata. Usinyunyize dawa hiyo kamwe mahali penye chakula. Wala usipeleke moto darini.

4. Mtu akiumwa

Mtu aliyeumwa huona uchungu mahali pale, na pengine wekundu. Mara nyingi mambo huishia hapo. Oshe mahali hapo kwa maji na sabuni, aweke kitambaa kilichotiwa maji baridi, na atulie. Lakini uchungu ukienea mwilini, au misuli ya tumbo ikikaza, au akitoka jasho jingi, akitapika, au akipumua kwa shida, apelekwe hospitali upesi. Mtoto mdogo na apelekwe bila kungoja dalili hizo. Ikiwa buibui ameuawa, mpelekeni katika chupa, mganga apate kumtambua. Usichanje kwa wembe, usifyonze, wala usifunge kamba. Mambo hayo huongeza jeraha wala hayatoi sumu.

Tena fahamu, si kila kidonda ni cha buibui. Majipu mengi husingiziwa yeye. Na yuko mdudu mwembamba, mwekundu na mweusi, aitwaye nairobi, aletwaye na taa wakati wa mvua. Huyo haumi, ila akipondwa juu ya ngozi, maji ya mwili wake huunguza. Akikutua shingoni mpulize aende zake, usimpige kofi.

Natumalizie habari za nyumba yetu. Jumamosi baba na baba mdogo wateremsha magunia yote, wafagia, wapanga chaga, na kaka mkubwa akanda udongo wa kuzibia matundu. Moto haukuwashwa, wala mbaazi hazikutiwa sumu. Jioni mtoto aona buibui mdogo arukaye akimnyemelea mbu dirishani. Ainua kiatu ampige, kisha akumbuka, akishusha. Bibi amtazama, acheka kidogo, asema, "Sasa mjukuu wangu ameanza kutazama kabla ya kupiga."

MASWALI
1. Buibui na siafu watofautianaje?
2. Taja alama tatu za buibui wa kahawia.
3. Kwa nini mashauri ya kaka na baba mdogo yalikuwa ya hatari?
4. Kwa nini yafaa kufagia tena baada ya majuma matatu?
5. Tazama nyumbani kwenu: ni maficho gani yawezayo kuondolewa? Waambie wazazi wako.