Kamba ya Mama Umeikata ya Nini?

SWALI: Shangazi, mimi ni kijana wa Tumati, Mbulu. Nina sarafu 37 za mkoloni, senti 10 za shaba zenye tundu katikati. Mnunuzi wa vyuma chakavu anataka kuzipima kwa kilo. Jamaa mwingine wa mnadani anasema ile ya mwaka 1936 ni mamilioni ya fedha, ana mteja Arusha, ila nitangulize nauli. Nimeshazisugua kwa mchanga na ndimu. Zilikuwa zimetungwa kwenye kamba ya ngozi sandukuni mwa mama, nikaikata, bado hajajua. Nina marejesho ya pikipiki yamenikaba. Nizitunze au niziuze?

JIBU: Mwanangu,

Habari ya bei ni fupi. Senti 10 ya enzi hizo haizidi gramu 11 na ushee, kwa hiyo zote 37 hazifiki nusu kilo. Hapo hulipi deni la pikipiki. Benki nayo haizitaki. Shilingi yetu wenyewe ilianza mwaka 1966, na hizo za mkoloni zikaondolewa baadaye kidogo. Ile ya 1936 ina jina la Edward VIII, mfalme wa Uingereza aliyeachia kiti Desemba mwaka huohuo, ndiyo maana ina hadithi nyingi. Lakini zilitengenezwa kwa mamilioni, na wakusanyaji wanazo tele. Sarafu ya kutajirisha mtu ni rupia 15 ya dhahabu, yenye tembo, waliyoigonga Wajerumani Tabora mwaka 1916. Yako ni shaba. Anayekudai nauli kabla hujamwona mteja ni tapeli, achana naye. Na usisugue tena: mkusanyaji akiona mikwaruzo ya mchanga anashusha bei papo hapo.

Sasa turudi kwenye kamba.

Umeandika “nina sarafu”. Unazo wapi? Mama yako yu hai, sanduku ni lake. Mbuzi wa baba yako ungemfungua zizini ukamuuze bila kumwambia? Usingethubutu. Lakini cha mama, kwa kuwa ni kidogo na kimefichwa chini ya kanga, unakihesabu kama kitu kilichookotwa. Hili linaniuma, na nitalisema mpaka nichoke. Katika nyumba zetu ng'ombe wana mwenyewe, shamba lina mwenyewe, ila sanduku la mwanamke kila mtoto analifungua. Halafu tunaita urithi mali ya mtu ambaye asubuhi ametupikia uji!

Mtu hatungi sarafu 37 kwenye ngozi kwa kupitisha muda. Zama zile kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na senti moja moja ilitafutwa kwa kuku, kwa maharage, kwa vibarua. Huenda bibi yako ndiye aliyezitunga. Huenda mama alipewa siku anaolewa. Mimi sijui, wewe hujui, na anayejua mnalala naye boma moja. Hukumuuliza, kwa sababu ulijua ukiuliza utaambiwa hapana. Kisha ukaniandikia mimi ili nikupe ruhusa ambayo si yangu kuitoa.

Siamini kwamba una roho mbaya. Una deni na unaona aibu, na aibu ya deni imekupeleka gizani kwenye sanduku la mzazi. Marejesho yanazungumzika: nenda kwa aliyekukopesha kabla ya tarehe, omba upangiwe upya, na pikipiki ikishindikana iuze yenyewe. Hiyo ndiyo mali yako.

Sarafu usiuze hata moja. Wiki hii zikusanye zote 37, pamoja na vipande vya kamba, umpelekee mama mkononi. Mwambie umekata wewe, na mwambie kuhusu deni kabla hajalisikia kwa watu wa mnadani. Akitaka kuziuza, atakutuma mwenyewe.