HESABU ZA SERIKALI NI ZA NANI?

Serikali yoyote ni mwandishi mkubwa. Huhesabu watu, ng'ombe, visima na madawati. Huandika fedha ngapi zimetoka Hazina na zimekwenda wapi. Hesabu za namna hiyo huitwa takwimu. Swali la somo letu ni hili: zikishaandikwa, nani aruhusiwe kuziona?

Zamani jibu lilikuwa rahisi: wakubwa ofisini. Faili lilipigwa muhuri wa siri, hata kama ndani mna hesabu ya vyoo vya shule tu. Siku hizi nchi nyingi zimeweka mpango wa kuzitoa takwimu hadharani, ili mtu yeyote azisome, azinakili na azitumie bila kulipa. Hizo ndizo takwimu huria. Jirani zetu wa Kenya walianza tarehe 8 Julai, 2011. Siku hiyo Rais Mwai Kibaki alizindua tovuti, yaani kurasa za serikali zinazosomwa kwa kompyuta au simu. Humo ziliwekwa hesabu za sensa ya mwaka 2009, matumizi ya serikali, na habari za shule na hospitali.

Ni jambo zuri. Lakini mkulima asiye na kompyuta anafaidi nini? Hebu tutazame Uganda. Wao walianza kabla ya mambo haya ya tovuti, tena kwa karatasi tu.

Miaka ya 1990 serikali ya Uganda ilikuwa ikitoa ruzuku kwa shule za msingi. Ruzuku ni fedha ambazo serikali huipa shule ili ijiendeshe. Vitabu vya hesabu vya Kampala vilionyesha fedha zimetoka. Watafiti hawakutosheka na vitabu. Mwaka 1996 walikwenda wenyewe katika shule 250, wakauliza: ninyi mmepokea ngapi? Kumbe! Kati ya mwaka 1991 na 1995, katika kila shilingi 100 zilizotolewa, zilizofika shuleni kwa wastani zilikuwa 13 tu. Nyingi zilizobaki ziliishia wilayani. Ziko shule ambazo hazikupata hata senti. Na wazazi wangeuliza vipi? Wengi hawakujua kabisa kwamba shule yao ina haki ya fedha hizo.

Basi serikali ikaanza kutangaza magazetini fedha zilizopelekwa kila wilaya. Shule nazo zikaamriwa kubandika karatasi ukutani, kuonyesha kiasi zilichopokea. Ilipofika mwaka 2001, zilizofika shuleni zilizidi shilingi 80 katika kila 100. Wataalamu wengine husema si karatasi peke yake iliyoleta nafuu hiyo, kwani serikali ilikaza usimamizi pia. Huenda ni kweli. Lakini mkaguzi huja mara moja moja, akaondoka. Mzazi hupita mbele ya ukuta ule kila siku.

Je, sisi Tanzania? Mwaka 2011 nchi yetu ilijiunga na mpango wa kimataifa wa kuendesha serikali kwa uwazi. Mwaka 2017 ikajitoa. Hata hivyo iko Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayotumika Tanzania Bara. Raia anaweza kuandika barua kwa ofisi ya umma kuomba taarifa, nayo ofisi yapaswa kumjibu ndani ya siku 30. Zipo taarifa zinazozuiwa, kama zile za usalama wa taifa. Lakini dawa za zahanati si siri ya vita.

Sasa tushike kalamu. Elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, kiwango cha ruzuku kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi. Kati ya hizo, 6,000 zipelekwe shuleni, na 4,000 zibaki za kununulia vitabu. Tuseme shule ina wanafunzi 400. Zidisha 400 kwa 6,000. Utapata shilingi 2,400,000 kwa mwaka. Gawanya kwa miezi 12, utapata 200,000 kwa mwezi. Ukiijua hesabu hiyo, karatasi ya ubaoni inakuwa na maana. Ikiandikwa 120,000, unaweza kuuliza kwa adabu mbele ya kamati ya shule: Mwalimu, hizi 80,000 ziko wapi? Pengine liko jibu zuri. Pengine mwalimu naye anazingoja, na mkimsaidia kuuliza wilayani atafurahi.

Kiwango cha mwaka huu muulizeni mwalimu mkuu, maana viwango hubadilika.

ZOEZI LA KIKUNDI

Shule ina wanafunzi 650. Kwa kiwango kile cha shilingi 6,000, ingepokea ngapi kwa mwaka? Na kwa mwezi?

Nendeni watatu au wanne mkatazame ubao wa matangazo wa shule yenu. Nakilini kila tarakimu mtakayoikuta kuhusu fedha. Karatasi ya mwisho kubandikwa ina tarehe gani?