Manyuo au Otomatiki: Ijue Gia ya Gari Lako



Magari mengi madogo yanayoingia nchini yakiwa yameshatumika Japani ni ya otomatiki, ilhali malori na mabasi mengi bado ni ya manyuo. Yote mawili ni salama mikononi mwa anayeyajua. Hatari huja pale dereva anapolipeleka gari moja kwa mazoea ya jingine, na zaidi kwenye mteremko.

Unapohamia otomatiki

Hakuna klachi, na pedeli ya breki mara nyingi ni pana. Mguu wa kushoto uliozoea klachi ukishuka kwa nguvu, huangukia breki. Gari husimama ghafla na la nyuma yako linakugonga. Uweke mguu huo pembeni. Mguu wa kulia peke yake ndio wa mafuta na breki.

Kwenye mteremko

Ukiteremka mlima kama Kitonga au Sekenke kwa breki tupu, breki hupata moto, mafuta yake yanaweza kuchemka, na pedeli huzama bila gari kupungua mwendo. Acha injini ikusaidie kulizuia gari:

- Manyuo: ingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, kisha toa mguu kwenye klachi.
- Otomatiki: punguza mwendo, toa D, weka 2 au L. Penye kitufe cha O/D, kibonyeze hadi taa ya O/D OFF iwake. Hapo gia ya juu imefungwa. Ukifika tambarare, kibonyeze tena taa izimike, la sivyo gari litakula mafuta bure.
- Yote mawili: usiweke frii. Injini ya injekta, ukiachia mafuta gari likiwa kwenye gia, hukata mafuta yenyewe. Ukiweka frii, inalazimika kuendelea kuyaunguza ili isizimike. Anayeshuka frii anahatarisha roho za watu, na mafuta anayodhani anayaokoa hayaokoi.

Kutunza giaboksi na klachi

*Manyuo*

- Usiegemeze mguu kwenye klachi gari likiwa linatembea.
- Ukisimama mlimani, vuta handbreki. Usilishikilie gari kwa nusu klachi. Ukisikia harufu ya kuungua, klachi pleti inateketea.

*Otomatiki*

- Simama kabisa kabla ya kutoka D kwenda R.
- Ukiegesha mlimani, kanyaga breki, vuta handbreki, ndipo uweke P. Uzito wa gari ubebwe na handbreki, si na chuma kidogo kilichomo ndani ya giaboksi.
- Mafuta ya giaboksi ya kawaida ya otomatiki si sawa na ya CVT, ambayo ni aina nyingine ya otomatiki. Soma kitabu cha gari kabla fundi hajamimina.
- Betri ikiisha, usitegemee kusukumwa kama manyuo. Tafuta waya za kuunganishia betri. Gari likiharibika, lipakiwe juu ya gari la kubebea, lisiburutwe kwa kamba.

Ukikabidhiwa gari usilolizoea

Likiwa limesimama, tambua kila herufi na kila kitufe cha gia. Kisha lizungushe kwenye uwanja wa wazi, ufunge breki na kurudi nyuma mara kadhaa. Abiria wapande baada ya hapo.