Taa Inapowaka na Gia Inapogoma: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kulipa

Mwenye pikapu kuukuu hufika gereji kwa sababu mbili kuu: taa imewaka kwenye dashibodi, au gia imegoma. Si mara chache jibu la kwanza analopewa ni kwamba giaboksi imekufa na haina budi kubadilishwa. Kwa mtu ambaye pikapu ndiyo inayompelekea mazao sokoni, gharama ya jibu hilo yaweza kumeza mtaji wa msimu mzima. Huenda jibu hilo likawa sahihi. Huenda pia chanzo kikawa upungufu wa oili, waya uliokatika au betri iliyochoka.

Somo hili linakusudia kumwezesha mtumiaji kutambua dalili, kuzipima kwa mpangilio, na kumtaka fundi athibitishe chanzo kabla fedha haijatolewa. Kanuni yake ni moja: taa hutaja dalili, haitaji kifaa kilichoharibika.

1. Maana ya rangi

Taa nyekundu ina maana ya hatari ya sasa. Ikiwaka taa ya presha ya oili, ya joto la injini au ya breki, simamisha gari mahali salama. Kwa taa ya presha ya oili, zima injini papo hapo. Kuendelea na safari kwa dakika chache tu kwaweza kuiua injini. Taa ya njano huonya kwamba kuna jambo linalohitaji kukaguliwa mapema. Kijani na buluu hutoa taarifa tu, kwa mfano kwamba taa kubwa za mbele zimewashwa.

Zipo taa za njano ambazo si za hitilafu. Katika pikapu nyingi za zamani za Toyota zenye injini ya dizeli, taa iliyoandikwa T-BELT hukumbusha kwamba mkanda wa taiming umefikia umri wa kubadilishwa, kwa kawaida kila kilomita 100,000. Taa hiyo isipuuzwe, kwani mkanda ukikatika safarini injini huweza kuharibika vibaya. Taa ya chujio la dizeli nayo huonyesha kwamba maji yamejikusanya chini ya chujio na yanapaswa kumwagwa.

2. Jaribio la ufunguo

Kabla ya kununua pikapu iliyotumika, fungua swichi bila kuwasha injini. Taa za oili, chaji na injini zinapaswa kuwaka zote, kisha zizimike injini inapowaka au sekunde chache baadaye. Taa isiyowaka kabisa katika hatua hii ni ya kutiliwa shaka kuliko inayowaka daima: huenda balbu yake imeungua, au mtu ameing'oa ili mnunuzi asiione hitilafu. Jaribio hili halina gharama, nalo lifanyike kabla ya bei kujadiliwa.

3. Taa nyingi zikiwaka kwa pamoja

Ni nadra vifaa vitano kufa siku moja. Taa kadhaa zikiwaka kwa wakati mmoja, uchunguzi uanzie kwenye umeme: vichwa vya betri vilivyolegea au kuota kutu, waya wa ethi, mkanda wa oltaneta na oltaneta yenyewe. Betri nzima ya volti 12 iliyopumzika husoma takriban volti 12.6, injini ikiwaka, kipimo hupanda hadi kati ya volti 13.5 na 14.5 hivi. Kisipopanda, oltaneta haichaji. Kompyuta ya gari ikikosa umeme wa kutosha hutoa taarifa zisizo sahihi, na gia za otomatiki huweza kubadilika ovyo ilhali giaboksi ni nzima.

4. Pikapu yenye gia za mkono

Kwanza, tenganisha matatizo ya klachi na ya giaboksi. Zima injini na ujaribu kuingiza gia zote. Zikiingia kwa ulaini injini ikiwa imezimwa, lakini zikakwaruza au kugoma ikiwa inawaka, basi yaelekea klachi haiachii sawasawa. Angalia kwanza kiwango cha maji ya klachi katika kichupa chake, kisha uvujaji kwenye silinda ya juu iliyo karibu na pedali na ile ya chini iliyo ubavuni mwa giaboksi. Urekebishaji wa sehemu hizi hauhitaji giaboksi kushushwa.

Ikiwa mizunguko ya injini hupanda unapokanyaga mafuta lakini mwendo hauongezeki, hasa mlimani au gari likiwa na mzigo, klachi inateleza. Harufu ya kuungua huthibitisha zaidi.

Sauti nayo ina maana. Mvumo unaosikika gari likiwa katika gia huru, na kukoma pedali ya klachi inapokanyagwa, huelekeza kwenye beringi za ndani ya giaboksi. Sauti inayoanza pedali inapokanyagwa huelekeza kwenye beringi ya klachi. Gia moja tu ikikwaruza, kwa mfano ya pili, ilhali nyingine ni laini, shaka huangukia kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia hiyo. Gia inayochomoka yenyewe huonyesha uchakavu wa ndani, na hapo kushusha giaboksi kuna sababu.

Kwa pikapu ya magurudumu manne yenye kiwiko cha kuchagulia, hakikisha haijaachwa katika 4H kwenye lami kavu. Usukani huwa mzito kwenye kona, gari huonekana kama limeshikwa, na mwenye gari hudhani giaboksi imekwama. Kurudisha kiwiko kwenye 2H na kurudi nyuma mita chache mara nyingi hutosha. Mtindo huu hata hivyo usiendelezwe, kwa kuwa huchosha meno ya gia na shafti.

5. Pikapu yenye gia za otomatiki

Oili ndiyo uhai wa giaboksi ya otomatiki. Hulainisha, hupooza na kusukuma gia ziingie. Ikiwa gari lina kijiti cha kupimia, egesha mahali tambarare injini ikiwa imepata moto na inanguruma taratibu. Kanyaga breki, pitisha kiwiko katika nafasi zote, urudishe kwenye P, kisha upime. Oili nzuri huwa nyekundu na angavu. Ya kahawia iliyokoza yenye harufu ya kuungua imepata joto kupita kiasi. Ya waridi yenye utando kama maziwa imechanganyika na maji, mara nyingi kwa sababu bomba la kupoozea oili lililo ndani ya rejeta limetoboka. Hapo usiwashe injini tena hadi hitilafu ishughulikiwe. Unapoongeza, tumia aina iliyotajwa katika kitabu cha gari.

Taa ya O/D OFF huwatatiza wengi. Ikiwaka bila kupepesa, kwa kawaida kitufe cha ovadraivu kimebonyezwa tu: gari haliingii gia ya juu kabisa, injini hupiga kelele barabara kuu, na mafuta huliwa zaidi. Bonyeza kitufe tena. Lakini taa hiyo ikipepesa yenyewe, katika pikapu nyingi za Toyota maana yake ni kwamba kompyuta imehifadhi kodi ya hitilafu.

Taa ya joto la oili ya giaboksi ikiwaka, ondoka barabarani, weka kiwiko kwenye P, uiache injini ingurume hadi taa izimike. Mzunguko huo ndio unaopooza oili. Gari la otomatiki likiharibika, lisivutwe magurudumu yanayoendeshwa yakiwa chini. Injini iliyozimwa haisukumi oili, na giaboksi nzima yaweza kuungulia njiani.

6. Kodi ya kompyuta na mipaka yake

Magari yanayofuata mfumo wa OBD-II, uliofanywa wa lazima Marekani kwa magari ya mwaka 1996 na kuendelea, hutoa kodi zinazosomwa kwa kifaa kinachochomekwa chini ya dashibodi. Pikapu nyingi za Kijapani za miaka hiyo hutumia kodi za mtengenezaji, na nyingine husomwa kwa kuhesabu mipepeso ya taa. Zenye kabureta, au pampu ya dizeli isiyo ya umeme, huenda zisiwe na kodi kabisa.

Tuchukue mfano. Pikapu ya otomatiki imebaki katika gia moja, na kifaa kimesoma P0700. Fundi anasema: «Kompyuta imethibitisha, giaboksi imekufa.» Kompyuta haikusema hivyo. P0700 ni taarifa ya jumla kwamba mfumo wa kudhibiti gia umeona hitilafu. Lazima itafutwe kodi ya pili inayotaja eneo lenyewe. Ikionekana P0500, inayohusu sensa ya mwendo wa gari, kinachofuata ni kukagua sensa, plagi na waya wake. Aidha, kubaki katika gia moja ni njia ambayo mifumo mingi hutumia kujilinda.

Mfano huo huo waweza kuwa na mwisho mwingine. Oili ikitoka nyeusi, yenye harufu ya kuungua na chembe nyingi za chuma, na gari likiteleza hata baada ya umeme na kiwango cha oili kuthibitishwa, ushauri wa kufumua au kubadilisha giaboksi una msingi. Mtumiaji asiukatae kwa kuwa tu ni wa gharama kubwa.

7. Makubaliano na gereji

Kabla ya kazi kuanza, zingatia haya:

(a) Kubalianeni bei ya uchunguzi mbali na bei ya matengenezo.
(b) Taka kodi zote ziandikwe kabla ya kufutwa. Kuifuta kodi huizima taa, hakuondoi hitilafu.
(c) Uliza: «Ni kipimo gani kimeonyesha kwamba kifaa hiki ndicho kibovu?» Fundi makini atakuwa na jibu, na hatachukia kuulizwa.
(d) Taka urudishiwe vifaa vya zamani.
(e) Kwa giaboksi iliyotumika, pata kwa maandishi namba yake, muda wa dhamana, na nani atagharamia kuishusha tena ikiwa mbovu.
(f) Pata risiti yenye tarehe, kilomita zilizosomwa na kazi iliyofanyika.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani Tanzania Bara, inakataza mfanyabiashara kumpotosha mtumiaji. Katazo hilo humsaidia zaidi mlalamikaji mwenye maandishi mkononi. Aliyelipa kwa mdomo, akaacha kifaa cha zamani gereji na hana kodi iliyoandikwa, hubaki na neno lake dhidi ya neno la mwenzake.

Maswali ya kujipima

1. Taa ya injini haiwaki kabisa swichi inapofunguliwa. Je, hiyo ni dalili njema?
2. Gia zaingia kwa ulaini injini ikiwa imezimwa, zakwaruza ikiwa inawaka. Utaanza kukagua wapi?
3. Kuna tofauti gani kati ya taa ya O/D OFF inayowaka tuli na inayopepesa?
4. Umeambiwa kodi ni P0700. Utauliza nini kabla ya kukubali giaboksi ishushwe?