Kufunga, Kukata au Kurejesha? Istilahi za Muunganisho wa Hifadhidata

1. Utangulizi

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba kosa moja sugu katika uandishi wa programu za tarakilishi, yaani kutofunga muunganisho wa hifadhidata, huweza kuchochewa na istilahi tunazofundishia.

2. Chanzo cha tatizo

Programu inapohitaji data, hufungua muunganisho na seva ya hifadhidata, huuliza swali, hupokea jibu, kisha yapaswa kuufunga. Miunganisho hiyo ina kikomo. Katika PostgreSQL, kikomo ambacho hakijabadilishwa na msimamizi ni 100, na 3 kati yake hutengewa msimamizi mwenyewe.

Tuchukue mfano wa programu ya maktaba iliyoandikwa kwa Java. Mwandishi ameweka amri ya kufunga katika mstari wa mwisho. Mambo huenda shwari mpaka swali lizue hitilafu. Hapo programu huiruka mistari iliyosalia, ukiwemo ule wa kufunga. Hitilafu 97 mfululizo zaweza kumnyima nafasi msomaji wa 98. Kuizima programu na kuiwasha upya hutuliza dalili tu, ugonjwa ukabaki. Dawa ni kuiweka amri hiyo katika sehemu ya "finally", ambayo hutekelezwa swali lifaulu lisifaulu. Tangu Java 7, iliyotolewa mwaka wa 2011, muunganisho uliotangazwa katika mabano ya "try" hufungwa wenyewe.

3. Suala la istilahi

Kitenzi "fungua" kimetokana na "funga" kwa kauli ya kutendua. Jozi hii yamfaa mwanafunzi, kwani humkumbusha kuwa kila kufungua kunadai kufunga. Hata hivyo, programu nyingi kubwa huweka akiba ya miunganisho iliyo wazi tayari, ikaazimwa na kurejeshwa. Humo amri ni ile ile, "close", ila haikati chochote. Huurejesha muunganisho akibani. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba akiba huiacha miunganisho wazi aweza kudhani hana haja ya kufunga. Akifanya hivyo, akiba itakwisha, na kila ombi jipya litasubiri mpaka muda wake upite.

Kwa hivyo tunapendekeza mgawanyo ufuatao:

(a) Funga: amri anayoitoa mwandishi wa programu amalizapo kazi, pawe na akiba au pasiwe nayo.
(b) Kata: kuuvunja muunganisho wenyewe kati ya programu na seva.
(c) Rejesha: kuurudisha muunganisho akibani ungali mzima.

4. Hitimisho

Anayeandaa kamusi au mihadhara ya tarakilishi kwa Kiswahili hana budi kuzitenganisha maana hizi tatu. Mwalimu naye aanze na kanuni moja: afunguaye ndiye afungaye, hata kazi ikiharibikia njiani.